Gunia la Nne

Punda wangu ni Mashine:
mchanga, gunia nne,
na mawe juu mengine,
Langoni akipandia.

Harusi pale jirani,
gunia liko uani,
mlango wazi, jamani,
usiku umeingia.

Watu wako kwenye ngoma,
Mashine akajituma;
mahindi yote ya sima
taratibu kajilia.

Asubuhi hainuki.
Namvuta, havutiki.
Nikampiga kwa chuki
nikidhani aringia.

Kasimama kama mtu
mwenda bila ya viatu
kwenye mafiga matatu,
moto yangali yatoa.

Miguu yake ya mbele
kaisukumia kule,
kimya, hapigi kelele,
nyuma akaegemea.

Nikaugusa ukwato:
loo, kaango la moto!
Na mapigo ni mazito
mshipani yakilia.

Kila mtu na shauri.
Shekuwe: "Chuma ni heri,
choma." Bunu: "Ni sihiri,
hasidi kamtupia."

Tabibu wa punda, Tima,
kapiga goti, kapima,
akainuka, kasema
maneno ya kutulia:

"Tazama kidole chako:
nyama na ukucha wako
vimeshikana. Huyoko
vyake vimejiachia.

Shibe ile ya uani
kimeshukia kwatoni
chakula, na huko ndani
mfupa wadidimia."

"Je, atapona?" "Sijui.
Ukichoka, sikuzui.
Lakini mimi siui:
jicho lakuangalia.

Hawezi kufika pwani,
pwani iletwe nyumbani."
Ndoo mbili mabegani,
mchana kutwa natia.

Na mchanga wa kuuza
chini yake nikalaza,
godoro la kumpoza:
mzigo ukamlea.

Tima kakata malapa
yangu mapya (nikaapa!),
kafunga huku na hapa,
Mashine kajivalia.

Mahindi haramu kwake;
nyasi kavu, ziloweke,
utamu wake utoke,
ndipo ninampatia.

Kazi nayo haingoji.
Nikabeba mimi. Mji
ukacheka: "Mfariji
wa punda!" Nikasikia.

Gunia la kwanza, goti.
La pili, sina sauti.
La tatu, kama mauti.
La nne sikufikia.

Mke wangu, Mwanaidi,
kanitazama baridi:
"Mimba ile ya Saidi
miguu ilinijaa.

Uliniletea ndoo?"
Kimya. Na usiku huo
nikaileta, na nguo,
miguu nikamwoshea.

Mwezi ule, kwa ajali,
nyundo kidoleni, kali;
ukucha ukabadili
rangi, kisha kulegea.

Basi tukaota sote,
yeye na mimi, kwa kite,
na kwa mwezi tusipite
punje ya wali kukua.

Wiki ya kumi, usaha
ukatumbuka. Ni raha
au kifo? Kwa karaha
harufu nikapokea.

Tima, kila wiki sita
na tupa, ncha akikata;
"Thubutu!" akanisuta
nikitaka kupakia.

Maulidi imefika,
mbio za punda, pilika;
wenzake wakitimka
masikio kainua.

Akatoka mlangoni,
hatua saba, makini,
kama mzee ngazini
gizani akishukia.

Leo habebi mchanga.
Mikate tu, na karanga.
Na gunia nalifunga
kufuli, na kurudia.

Fimbo nilishaichana;
nayo chai ya mchana
tukaipikia. Hana
habari, au ajua.

Kichochoroni akija,
ko (nahesabu), ni moja,
ko, mbili; ko, tatu; ngoja:
ya nne yachechemea.